Wiki Moja Rumonge

Buhinyuza, 8 Juni 2025

Adventina mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Kila nikikupigia anayepokea ni Jeska, na kabla sijatoa salamu ananiuliza, "Ni baba?" Nikimwambia ni mjomba Eliud, anakuita, halafu habanduki pale, nasikia anavyopumua. Mambo ya watu wazima hayasemeki hivyo. Basi nimerudia kalamu, kama enzi zile nilipokuwa nasoma Kibondo na wewe ukiniandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila kuomba biskuti. Barua ataileta Radjabu wa Muyinga, yule mwenye Probox, anayefika Gitega kila Jumatano na maharage ya watu. Ni Mwislamu mwaminifu kuliko Wakatoliki wengi ninaowafahamu, nikiwemo mimi.

Neno lenyewe ni hili: nataka twende ziwani. Usicheke. Mimi, Melania na watoto wetu wawili, wewe na wako wawili, wiki nzima, Rumonge. Kuna nyumba ya wageni ya kanisa karibu na ufuko, na vyumba nimeshaviombea. Mafuta usiyaulize. Najua huko Gitega magari yanapanga foleni mpaka wenye magari wanasahau walikuwa wanakwenda wapi, lakini sisi huku tuko jirani na mpaka wa Tanzania, na bidoni mbili zilizotoka ng'ambo ziko chini ya kitanda changu tangu Pasaka. Melania anasema siku moja tutaamka mbinguni.

Tunatoka hapa na gari la Radjabu Jumatatu tarehe 14 Julai alfajiri. Tunapita Muyinga na Karuzi, tunakuchukua Gitega, tunashika njia ya Matana na Bururi, na jioni tunashukia ziwani. Wanangu hawajawahi kuona maji mapana kuliko mto Ruvubu. Wanabishana kama ng'ambo ya ziwa kuna watu.

Una karibu miaka miwili hujacheka, Adventina. Nakuonea huruma, na kukuonea huruma kwa mbali hakukusaidii chochote. Njoo upumzike siku saba.

Kaka yako,
Eliud


Gitega, 15 Juni 2025

Kaka Eliud,

Milele amina.

Barua nimeipata, inanuka maharage. Radjabu alinikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, akakataa chai, akaondoka. Zamani alikuwa akimaliza chupa nzima peke yake. Mwambie sikutia sumu.

Likizo. Neno hilo nimelisoma mara tatu. Katika ukoo wetu nani aliwahi kwenda likizo? Sisi tukipanda gari ni kwa sababu tunakimbia au tunarudishwa. Hata hivyo nilipowasomea watoto, Longino alikwenda moja kwa moja kutafuta kaptura ya kuogelea, na kaptura hiyo hajawahi kuwa nayo.

Ila kwa nini Rumonge? Ziwa ni refu. Kuna Nyanza-Lac, kuna Bujumbura kwenyewe. Rumonge ndiko mume wangu alikokwenda Septemba ile kutafuta kazi ya kupakia mawese, na ndiko alikonipigia mara ya mwisho, akasema mtandao ni mbaya, atapiga kesho. Wiki hiyohiyo boti ikazama, na watu wote wakaamua wenyewe kwamba Prosper alikuwemo. Nani alimwona akipanda? Jina lake liliandikwa wapi? Nilikwenda mwenyewe nikawatazama waliotolewa majini, wote tisa. Hakuwemo.

Yuko hai, kaka. Najua wanasema nimechanganyikiwa. Baba yake mkubwa, mzee Nazario wa Itaba, amenitumia watu mara mbili kwamba wakati wa kuganduka umefika, tuanue matanga, ukoo unywe pombe yake ya mtama, nami nihesabiwe mjane na mambo yaishe. Niliwajibu kwamba hayaanuliwi matanga ambayo hayakukaliwa. Mtu ambaye sikumzika sitamnywea pombe. Mzee alikasirika, akasema hawa waliokulia Tanzania hawana adabu.

Kwa hiyo nitakuja kwa sharti moja. Kule Rumonge asiwepo mtu wa kumwita Prosper marehemu mbele ya wanangu. Jeska ana miaka kumi na mmoja na simu iko chini ya mto wake kila siku. Longino ana sita na ameanza kuisahau sura ya baba yake. Niahidi hilo kwa maandishi, nami nitakuja, na chapati za njiani nitapika mimi.

Mdogo wako,
Adventina


Buhinyuza, 22 Juni 2025

Adventina mdogo wangu,

Umekuwa mwanasheria siku hizi. Haya, hii hapa ahadi: mimi Eliud, mwenye akili timamu, naahidi kwamba wiki hiyo ni ya kuogelea, kula samaki na kulala mchana. Nimetia saini hapa chini kwa mkono wangu. Ukitaka muhuri utaniambia.

Rumonge nimeichagua kwa sababu ya nyumba ya kanisa tu. Huko kwingine hoteli zao si za watu kama sisi.

Nina ombi dogo. Kifua changu kinanisumbua, na asubuhi ziwani kuna upepo. Koti langu limekwisha kabisa, Melania ameligeuza tandiko la kuku. Lile koti la Prosper la kijivu bado unalo? Niazime kwa wiki hiyo. Nitalitunza.

Radjabu ameshafunga tairi mpya za nyuma. Watoto wangu wameanza kulala na nguo za safari. Chapati ziwe nyingi, maana Radjabu akianza kula hajui breki.

Kaka yako,
Eliud


Gitega, 30 Julai 2025

Eliud,

Kwa siku kumi nilikuwa na kalamu na hasira. Leo imebaki kalamu.

Ulikuwepo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia uliyoyapanga. Nitakuandikia nilivyoyaona mimi, maana siku ile hukunitazama usoni hata mara moja.

Siku tatu za mwanzo nilikuamini. Longino alionja maji ya ziwa, akashangaa hayana chumvi, akasema mwalimu wake lazima aambiwe. Jeska alishindana mbio na wanao mchangani, na simu ameifunga kiunoni kwa kitambaa. Mimi na wifi Melania tulikula samaki wa mikeke wa kuchoma mpaka tukaona haya. Nilicheka, tena kwa sauti, nikajishika mdomo. Jumatano nilikaa chini ya michikichi nikawaza kwamba labda na watu kama sisi hupumzika.

Alhamisi asubuhi Melania akaniambia nivae kitenge kipya, tunapiga picha. Nikawavika watoto, nikampaka Longino mafuta. Tukashuka ufukweni, nikaona turubai limefungwa, viti vimepangwa, mitungi ya pombe ya mtama imesimamishwa mchangani. Nikakuambia, "Tuzunguke kwa huku, kuna watu wana shughuli yao." Ukaendelea kutembea. Ndipo mzee Nazario akainuka kwenye kiti cha mbele, akanyoosha mikono kunipokea, na nyuma yake ukoo mzima wa Itaba.

Melania alinishika mkono, si kwa nguvu. Ningeweza kujichomoa. Sikujichomoa.

Ukavua koti. Koti la mume wangu, nililolipiga pasi mwenyewe kwa sababu kaka yangu anaumwa kifua. Ukampa mzee, naye akasema maiti isipopatikana ardhi hupewa nguo. Sijui desturi hiyo aliitoa wapi, sijaisikia kwa mtu mwingine. Wakachimba mchanga, wakalilaza, wakafukia. Longino akauliza kwa nini wanalitupa koti la baba. Jeska hakuuliza kitu. Alikwenda akapiga magoti, akaushindilia ule mchanga kwa viganja vyake, pande zote, pole pole, kama alivyowahi kuona makaburini. Nilitaka kumkimbilia nimwondoe, lakini watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Kisha mrija ukaletwa kwangu. Mimi na wewe tulikulia Mtabila, lakini hili hata sisi tunalijua: mjane akinyonya pombe ile amekubali, na asiponyonya, wote waliokuja wamekuja bure. Nikawatazama. Wametoka Itaba juu ya lori la mahindi, vumbi bado liko kwenye nywele za wazee, na wote walikuwa wanamlilia Prosper kwa kweli. Yule Nazario niliyekuwa nikimsema kila siku, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nikaona labda mjinga ni mimi. Nikanyonya.

Ambalo hukuliona ni hili. Kesho yake asubuhi Jeska aliniwekea simu mkononi, akasema, "Mama, ikae kwako." Tangu siku hiyo hajaishika. Ikilia anaendelea na kazi yake. Analala, na mimi nalala. Longino anawaambia wenzake kwamba baba yake alikufa majini, na anasema kwa majivuno kidogo, maana wao hawana habari kubwa namna hiyo.

Sasa sijui nikuchukie au nikushukuru. Ulinidanganya kwa maandishi, ukatia na saini. Lakini pengine ulikuwa na haki. Pengine nilikuwa nawatesa watoto kwa ukaidi wangu. Nimekubali, Eliud. Prosper amekufa. Ni mara ya kwanza naliandika.

Tarehe 19 Septemba itatimia miaka miwili, na nitamwombea misa hapa Gitega. Tena nataka kutuma tangazo Kasulu, kwa wale tuliokaa nao kambini waliobaki ng'ambo. Walimpenda. Si vizuri wasijue.

Adventina


Buhinyuza, 10 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako shambani, peke yangu. Sina la kujitetea. Ningekuambia ukweli usingekuja.

Misa ni jambo jema, nami nitajitahidi kufika. Ila hilo la Kasulu liache. Watu wetu wa kule wametawanyika, tangazo litamfikia nani? Litazua maswali tu. Na ukisikia mtu yeyote analeta habari za ng'ambo, hiki au kile, usimsikilize; watu wa mipakani hawachoki maneno. Wewe umefiwa, umepewa pole, umeanua matanga. Shona nguo zako, somesha watoto. Bado hujafika hata miaka arobaini.

Jeska nimefurahi analala. Hilo ndilo nililolitaka kuliko yote, naomba uniamini hata kama huniamini kwa mengine.

Eliud


Muyinga, 2 Septemba 2025

Kwa Mama Jeska,

Asalam alekum. Nakusalimu we na watoto.

Hii barua haitoki kwa Eliud. Ni mi Radjabu naandika. Bibi yangu Kadidja iko hapa pembeni, anasema nisipoandika hatanipikia, lakini si mambo ya chakula. Mi sina tena amani.

Mama Jeska, bwana yako Prosper iko mzima. Nilimuona na macho yangu, Kasulu, mu mwezi wa kwanza, nilienda kutafuta esansi ya gari. Iko anafanya kazi ku mashine ya kusaga unga. Nilimuita jina, akageuka. Akaniomba nisiseme. Iko na bibi mwingine pale na mtoto mudogo. Nikarudi, nikamwambia Eliud, juu we uko dada yake na mi niko mtu wa inje. Nikafikiri nimetua mzigo, sasa iko kwake. Eliud akaenda yeye mwenyewe kuona, akarudi, akaniambia, "Radjabu, funga kinywa, mi nitapanga." Donc nikafunga.

Kumbe kupanga ni ile ya Rumonge. Mi nilijua nawapeleka likizo, vraiment. Nilipoona wanachimba shimo ya lile koti, nikarudi ku gari, nikapandisha vioo, nikaweka redio. Kwetu sisi mwanamke anakaa eda juu mume amekufa. We umelilia mtu iko anakula ugali. Na ile barua zote mi ndiye nilikuwa nabeba, yako na yake.

Niliogopa, sitakudanganya. Eliud iko rafiki yangu miaka kumi na tatu. Lakini wiki jana ukanipa lile tangazo nipeleke Kasulu, wasome mu kanisa. Mama, nitapeleka namna gani? Huyo mtu atakuwa amekaa mu kanisa, atasikia wanasema amekufa. Nimeshindwa. Tangazo yako iko ndani ya hii bahasha, nimeirudisha.

Unisamehe. Kadidja naye anakuomba unisamehe.

Radjabu


Gitega, 3 Septemba 2025

Eliud,

Radjabu anasubiri nje, gari hajalizima. Nijibu jambo moja tu. Ulijua?

Adventina


Buhinyuza, 7 Septemba 2025

Adventina,

Nilijua.

Nilikwenda Kasulu mwezi wa pili. Nilimkuta mashineni, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimekwenda kumpiga, nikaishia kukaa naye juu ya gunia la pumba. Alilia. Hakupanda ile boti iliyozama. Alipanda ya siku moja kabla, akavuka kutafuta kazi Kigoma, na huko ndiko alikosikia habari za ajali, na kwamba huku kwetu ameshahesabiwa na waliokufa. Akaniambia, "Shemeji, niliona mlango umefunguka, nikapita." Nilimuuliza ulimkosea nini. Akasema hukumkosea kitu. Akaniomba nikuambie ziwa lilimchukua. Nilikataa, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekataa.

Halafu nikamkumbuka mama. Hili nilikusudia nife nalo. Baba yetu hakufia Mpanda, Adventina. Alikwenda kulima tumbaku, akapata mwanamke, akabaki. Mama alijua, na mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa mdogo, tukakuambia amekufa kwa malaria. Ulilia mwezi mmoja, kisha ukarudi kuruka kamba na wenzako. Mama hakulia mbele ya mtu. Wanawake wa bombani walikuwa wakimwimbia nyimbo, akiinama kuchota wanacheka. Ulimwona alivyokauka, ukadhani ni maradhi ya kifua. Mpaka mwaka aliokufa alikuwa akilifua shati la baba la Jumapili.

Basi nilipokutazama wewe, na Jeska na simu yake, nilijiuliza nikufanye kama mama alivyokuwa, au kama ulivyokuwa wewe mtoto. Mwanamke akifiwa hupewa pole. Akiachwa huulizwa alifanya nini. Sikutaka uulizwe. Nikamtumia ujumbe mzee Nazario, naye hajui kitu mpaka leo. Alilia machozi yake mwenyewe.

Sikukutazama usoni kwa sababu ningekutazama ningesema. Nitukane, nitakubali. Nikiruhusiwa nitakuja Gitega nipige magoti mlangoni kwako, majirani waone. Usikae kimya tu.

Eliud


Gitega, 28 Septemba 2025

Eliud,

Usije. Magoti yako yaache hukohuko.

Umenipa baba na kumchukua katika mistari michache. Nimejaribu kumkasirikia, nikashindwa, hata sauti yake siikumbuki. Ninayemfikiria ni mama. Siku moja nilimuuliza kwa nini analifua shati la mtu aliyekufa, akanijibu, "Linashika vumbi, mwanangu." Nikaridhika, nikaenda kucheza.

Unasema hukutaka niulizwe. Siulizwi, ni kweli. Sokoni bado wananipa pole, nami lazima niinamishe kichwa niseme asante. Wanawake wenye wafu wa kweli wananikumbatia. Jirani yangu aliyezika mume mwezi wa nne alinishika mkono akaniambia sisi wawili tunaelewana.

Kasulu sitakwenda. Niliwaza kwenda, nilifunga mzigo, nikafika mpaka kwenye magari ya Muyinga. Nikajiona nimesimama pale mashineni, na Prosper anapangusa kiti kwa kiganja, ananiambia karibu. Nikarudi nyumbani, nikafungua mzigo, nikaendelea na sketi za shule za watu.

Misa ya tarehe 19 ilisomwa. Nilitaka kuizuia na nilifika mpaka mlangoni kwa paroko, lakini Jeska alikuwa ameshachaguliwa kusoma somo la kwanza. Alikuwa amelikariri wiki nzima mbele ya dirisha. Alisoma bila kukosea neno, amenyoosha shingo, na kanisa zima likalia. Nililia kuliko wote. Kila mtu alidhani anajua kwa nini.

Nimekaa naye mara mbili ili nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anacheka na rafiki yake, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ana miaka tisa, nikaahirisha. Mara ya pili nilianza. Nikasema, "Jeska, kuhusu baba." Akanifuta uso kwa mkono wake, akasema, "Usilie, mama, baba anapumzika." Hapo nikakuelewa, Eliud. Sijakusamehe, na sidhani kama nitaweza, lakini nikakuelewa, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu tangu siku hiyo mwenye kuwadanganya ni mimi. Wewe umeshatua. Wakija kujua wakiwa wakubwa, hawatamuuliza mjomba wao wa Buhinyuza. Wataniuliza mimi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Miaka yote miwili, kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, nilikuwa nikipiga magoti. Sikumwomba Mungu amrudishe Prosper. Niliona naomba makubwa mno. Nilimwomba awe hai tu. Nilisema popote alipo, na yeyote aliye naye, hata kama sitamwona tena, mradi awe hai. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Na siku nilipokuwa nanyonya mrija wa pombe ile mbele ya ukoo wake, nilikuwa nimeshapewa nilichoomba, neno kwa neno.

Sasa siombi. Anayeongoza sala ya asubuhi ni Jeska, kazi hiyo amejipa mwenyewe. Anamshika Longino mkono, anafumba macho, anamwomba Mungu ampe baba yao raha ya milele. Longino anaitikia amina. Kisha wote wawili wanafumbua macho, wananigeukia, na hawaondoki mpaka na mimi niitikie.

Naitikia.

Adventina